Jeraha Lisiloonekana: Kufufua Boti ya Mashindano katika Ziwa Viktoria

Mnamo Novemba 1914 meli ya mvuke Sybil, iliyokuwa mali ya Reli ya Uganda na wakati huo ikitumika vitani, iligonga mwamba ikapandishwa ufukoni Majita, pwani ambayo leo imo katika Mkoa wa Mara na ambayo siku zile ilikuwa chini ya Wajerumani. Ilikaa hapo nusu mwaka. Mwezi wa Mei 1915 Waingereza waliirudia, wakainasua, nayo ikarejea kazini baada ya kutengenezwa. Meli hiyo ilikuwa ya chuma. Chuma kikitoboka tobo huonekana, na bamba lililopindika humwonyesha fundi mahali pa kukata na mahali pa kuunga. Ndivyo ilivyo pia kwa MV Butiama, iliyoundwa mwaka 1980, ikaacha kazi 2010, na kurudi majini 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Mabamba ya meli za namna hiyo hupimwa unene kwa mawimbi ya sauti, na palipolika hukatwa pakatiwa jipya.

Boti ninayotaka kuieleza hapa si ya chuma. Niliikuta Mwigobero, mjini Musoma, imelazwa ubavu juu ya mchanga: urefu wa mita 9 hivi, omo yake kali kama shoka, na upande mmoja tundu la ukubwa wa sahani, mahali ilipopiga jabali. Iliundwa Uingereza miaka ya sabini kwa ajili ya mashindano ya kasi baharini. Mwenyewe aliinunua Mombasa kwa bei ndogo, naye alikuwa na nia ya kuchukua abiria baina ya Musoma, kisiwa cha Rukuba na pwani ya Bunda. Aliniomba ushauri wa rangi tu. Tundu, alisema, fundi wake angeliziba kwa siku mbili.

Ili msomaji aelewe kwa nini sikukubali, yafaa kwanza tuitazame kazi ya umbo la boti hii. Chombo cha kawaida hupasua maji na kuyasukuma kando, na mwendo wake hufungwa na wimbi kilitengenezalo chenyewe. Kwa urefu wa mita 9 kikomo hicho ni kama kilometa 13 kwa saa. Boti ya mashindano hukiruka kikomo hicho kwa kuinuka na kuteleza juu ya maji. Hapo zamani boti za kuteleza zilikuwa na tumbo bapa, na kwenye mawimbi zilipiga maji kama kiganja kinavyopiga meza. Mmarekani Ray Hunt alichora tumbo lenye umbo la V lililozama sana, ambalo hulikata wimbi badala ya kulipiga. Mwaka 1960 boti yake Moppie ilishinda mashindano ya Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka, na tangu hapo wajenzi wengi waliifuata. Hata hivyo V hupunguza pigo tu, haiondoi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka takriban mara nne, na katika ziwa letu, ambako mawimbi ni mafupi na hufuatana karibu karibu, mapigo ni mengi kuliko katika bahari pana.

Nguvu hiyo hupokewa na nini? Si na faibagilasi peke yake. Ndani ya boti kama hii mna mihimili ya mbao na plaiwudi iliyofunikwa kwa nyuzi za kioo na utomvu wa poliesta, na ukuta wa tezi, ambao hubeba mguu wa kuendeshea wenye panga boi, ni plaiwudi nene iliyofungwa katikati ya ngozi mbili za faiba. Ngozi hizo zikiwa zimeshikana na mbao, ukuta ni imara. Mbao ikioza, hubaki ngozi mbili zenye uji katikati, na kwa nje rangi ni ile ile, inang'aa.

Na hapa maji yetu yana hila yake. Wenye majahazi wa Pwani huzoea kuogopa wadudu wa baharini watobao mbao, ndiyo maana hupaka deheni. Ziwa Viktoria halina wadudu hao, na watu wengi hudhani kwa hiyo maji baridi ni salama zaidi kwa chombo. Kwa chuma ni kweli. Kwa mbao si kweli, maana chumvi huzuia kuvu waozeshao, na maji baridi huwalea. Kwa faiba vilevile si kweli. Kila utomvu wa poliesta hupitisha maji kidogo kidogo. Yakikutana ndani na mabaki ya kemikali, huwa mchuzi mzito wenye tindikali. Kwa kanuni ya osmosisi, maji mepesi ya nje huvutwa kuelekea mchuzi huo, na kadiri maji ya nje yasivyo na chumvi ndivyo mvuto unavyozidi. Ngozi huvimba malengelenge. Tulipotoboa moja kwa msumari, kioevu kilichotoka kilinuka kama siki.

Basi kabla ya kuziba lolote tulitwaa nyundo ndogo tukaigonga boti yote, shubiri kwa shubiri. Faiba nzima hulia kwa sauti kavu na kali. Iliyoachana na mbao hulia kwa sauti butu, kama boga. Pembeni mwa lile tundu palilia vizuri. Tezi yote ililia boga. Tulipotoboa kwa keekee kutoka ndani, badala ya vumbi la mbao yalitoka maji ya rangi ya kahawa. Mwenye boti alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama ingeliweza kumfikisha Rukuba. Nilimjibu kwamba pengine ingeliweza, mara ishirini, na mara ya ishirini na moja mguu wa kuendeshea ungeling'oka pamoja na ukuta, katikati ya maji, na abiria ndani.

Boti ilipakiwa kwenye lori ikapelekwa Butiama, mbali na umande wa ziwa, ikawekwa chini ya paa la bati lenye pande wazi. Ngozi ya ndani ya tezi ilikatwa, mbao iliyooza ikatolewa kwa koleo. Kilichofuata ni kungoja. Kuvu huhitaji unyevu wa asilimia 20 au zaidi. Mbao haipaswi kugundishwa kabla haijashuka chini ya 15. Hakuna njia ya mkato: kupiga faiba mpya juu ya mbao mbichi ni kuyafungia maji ndani.

Kwa tezi mpya twahitaji plaiwudi ambayo gundi yake haiyeyuki. Tulikata vipande vya mbao zilizouzwa Musoma na Bunda, kila moja ikisifiwa na muuzaji, tukavichemsha katika sufuria saa kadhaa, tukavianika, tukavichemsha tena. Vingi vilifunguka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Jaribio hili halihitaji maabara.

Tundu la ubavuni, lililokuwa hofu ya kila mtu, ndilo jepesi. Kingo zake husagwa kwa mteremko mrefu, mara 12 ya unene. Ngozi ikiwa na milimita 8, mteremko ni milimita 96 kila upande, na tundu la milimita 200 hugeuka kidonda cha karibu milimita 400. Mafundi huona ni uharibifu. Lakini kiungo kipya hushika kwa eneo, si kwa ukingo. Kwa kazi hii nilishauri epoksi badala ya poliesta, kwa kuwa poliesta mpya haishiki vema juu ya ile ya zamani. Mvuke na vumbi vyake vina madhara. Barakoa na glavu ni sehemu ya vifaa.

Yako pia mambo ya mwinuko. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huinyima injini ya zamani ya petroli yapata sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Panga boi lililokatwa kwa ajili ya bahari litaielemea. Na vile vipande vya zinki vifungwavyo karibu na panga boi ili viliwe na kutu kwa niaba ya madini mengine, katika maji baridi hufanya kazi hafifu. Huku hutumika magnesi.

Juma lililopita nilipita Butiama na kipima unyevu. Mihimili ya mbele ilikuwa asilimia 13. Mmoja wa nyuma ulikuwa bado 19, nasi tumeuacha wazi.