Mti Mmoja, Tawi Moja

Katika masika mawingu hujikusanya juu ya Ghuba ya Winam tangu alasiri, na mara nyingi Magharibi haijaadhiniwa ila ngurumo zimekwisha fika Kisumu. Asubuhi yake tawi la mwembe au la mjakaranda hukutwa limelala njiani. Kinachofuata twakijua: huitwa mwenye msumeno, na mti mzima huangushwa kwa kosa la tawi moja. Kivuli cha nusu karne huondoka kabla ya Adhuhuri, na akina mama waliokuwa wakiuza omena chini yake hubaki juani.

Twaona haki ya mti huo ni kutazamwa kwanza. Amepokea Anas bin Malik (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Muislamu apandaye mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Aliyeupanda huenda yuko kaburini siku nyingi. Sadaka yake ingali imesimama pale njiani.

Mtaalamu wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti ili aone ndani yake, alieleza mwaka 1977 kwamba mti hauponi kidonda kama ngozi yetu. Hukizungushia ukuta ndani kwa ndani ili uozo usipite, kisha huendelea kukua kwa nje. Kwa hiyo fundi akatapo tawi sawasawa na shina, apate kazi ya kupendeza macho, huuvunja ukuta huo. Pale tawi lishikanapo na shina pana uvimbe mfano wa ukosi wa kanzu. Msumeno upite nje yake. Tawi zito hukatwa kidogo kwa chini kwanza, lisije likachuna gome likianguka.

Hiyo ni kanuni ya mti mchanga na wa matunda. Mkongwe una mambo yake. Tufani ya Oktoba 1987 iliangusha takriban miti milioni 15 kusini mwa Uingereza, na katika miaka iliyofuata watunzaji wa miti mikongwe huko wakawa wanaiga makusudi kazi ya upepo. Huacha kigutu kirefu cha tawi na kukichonga ncha meno meno kama taji, au hulikata tawi nusu wakalivuta kwa kamba hadi lichanike lenyewe. Jeraha likiwa mbali na shina, uozo huchelewa kulifikia, na machipukizi yaliyolala chini ya gome hupata pa kutokea. Mipasuko hushika maji ya mvua, wadudu huingia, na baada ya miaka huwa tundu. Hondohondo wa msitu wa Kakamega, si mbali na Kisumu, hutaga katika matundu ya miti: mama hujifungia ndani, mlango ukazibwa kwa udongo, na mume humlisha kupitia ufa mwembamba. Arobaini ya namna yake, twaweza kusema.

Si kila mahali panafaa. Juu ya njia ya watoto wa madrasa, kigutu cha meno meno hakina nafasi. Kazi yenyewe ni ya fundi aliyejifunga kamba, si ya kijana na panga, na penye nyaya za umeme wenye umeme waitwe kwanza. Fundi aonyeshwe kabla hajapanda ni tawi lipi na likatwe wapi, kwa alama ya chaki ikibidi. Msumeno ukishanguruma huko juu, hasikii tena la mtu.