Nilikabidhiwa Ufunguo wa Peti Keshi Nikiwa na Miaka 19!

Msomaji wangu, kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka, simu yangu haipumui. Shangazi ana binti, jirani ana kijana, na wote wanauliza swali lilelile: "Huyu mtoto akafanye nini wakati anasubiri chuo?" Nikiwajibu, "Mpelekeni ofisi ya wahasibu," wanaguna. Wanajua mimi ni mtu wa magazeti, uhasibu nimeujulia wapi?

Basi leo nawasimulia. Nilimaliza Kidato cha Sita Februari 2008, chuo bado miezi kibao. Mama mdogo akaniombea nafasi ya kujifunza kazi kwenye kampuni moja ya ukaguzi wa hesabu, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka 19, sketi ya kuazima na viatu vilivyonibana. Mtaani wakaanza kuniita "bosi". Si unajua tena, watu wakisikia unafanya kazi ya fedha wanadhani fedha ni zako! Ukweli ni kwamba posho yangu iliishia kwenye nauli ya daladala na chipsi za mchana.

KALAMU YA KIJANI

Wiki ya kwanza nilitoa fotokopi mpaka nikaiota mashine. Wiki ya pili nikapewa kalamu ya kijani, ile wanayoitumia wakaguzi ili alama zao zisichanganyike na maandishi ya mteja. Unachukua malipo yaliyoandikwa kwenye daftari, unatafuta hati ya malipo, ankara, stakabadhi na sahihi ya aliyeidhinisha. Vyote vikiwepo, unaweka tiki. Kimoja kikikosekana, unaandika swali. VAT nayo unaikokotoa upya. Mwaka ule ilikuwa asilimia 20, ikashuka hadi 18 mwaka 2009. Tarehe 30 Juni, mteja akifunga mwaka wake wa hesabu, nilishinda ghalani nahesabu katoni za sabuni, vumbi hadi kwenye kope.

Kuna ujanja mmoja nilifundishwa huko. Hesabu zikipishana, igawe tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, huenda mtu amegeuza tarakimu, kaandika 63,000 badala ya 36,000. Tofauti ni 27,000, gawa kwa 9 uone. Siku niliyonasa kosa kwa njia hiyo nilitamba ofisi nzima! Mama, hivyo ndivyo tulivyomwita bosi wetu, akafurahi, akanikabidhi ufunguo wa kisanduku cha peti keshi ya ofisi.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

"JUMATATU NARUDISHA, MPENZI"

Peti keshi ile ilikuwa ya shilingi 200,000. Kanuni yake ni nyepesi: fedha iliyobaki, ukijumlisha na hati za matumizi, jibu liwe 200,000. Siku yoyote, saa yoyote.

Sasa mimi nilikuwa na mpenzi. Ijumaa moja jioni akanipitia, uso umemshuka, mwenye nyumba anamdai kodi. Anahitaji 40,000. Nikamwambia posho haijatoka. Akasema, "Hiyo ya ofisi inalala bure mpaka Jumatatu. Kama kweli unanipenda..."

Wee acha tu. Nilifungua kisanduku.

Jumamosi simu yake haipatikani. Jumapili hivyohivyo. Jumatatu nilifika ofisini saa 1 asubuhi, tumbo linakoroga. Njia zilikuwa mbili: niseme, au niandike hati ya uongo, "teksi, 40,000". Na kibaya zaidi, ile kalamu ya kijani ilishanifundisha hati ya namna gani hupita bila kuulizwa. Nilikaa na karatasi mbele yangu karibu nusu saa. Halafu nikainuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kisanduku kimepungua 40,000. Nimechukua mimi."

Hakufoka. Aliuliza kama nimeandika popote. Nikasema hapana. "Kaandike," akasema. Nikaandika jina langu, tarehe na kiasi, mkono unatetemeka. Fedha zikakatwa kwenye posho ya miezi miwili, nikapewa barua ya onyo, ufunguo ukarudi kwake. Saa 4 akaja kukihesabu kisanduku. Kumbe siku zote alikuwa anahesabu kwa kushtukiza! "Ningekuta hati ya teksi," akaniambia, "saa hizi ungekuwa kituoni unasubiri daladala la kurudi kwenu."

Mshikaji je? Aliibuka baada ya wiki mbili, mikono mitupu, tena amenuna eti nimemdhalilisha kwa bosi. Wahasibu wana jina la kitu kama hicho: deni lisilolipika. Nikalifuta vitabuni, pamoja na mwenyewe.

MDOGO WAKO AKITAKA NJIA HII

Aelewe kwamba safari ni ndefu. Tanzania tuna NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mitihani yake hufanyika Mei na Novemba. Aliyetoka sekondari huanzia ngazi ya cheti, ATEC, akapanda taratibu kuelekea CPA. Na kufaulu mitihani peke yake hakumpi CPA, lazima awe na uzoefu wa kazi wa miaka 3. Kwa hiyo fotokopi na vumbi la ghalani ni sehemu ya masomo. Aulize asichokijua, na akikosea aseme mapema, kabla kisanduku hakijahesabiwa.

Mimi nilikwenda zangu kusomea mawasiliano. Lakini wiki ya mwisho kabla sijaondoka, Mama aliniita, akaniwekea ufunguo mezani bila kusema neno. Nilihesabu mara mbili. Shilingi 200,000 kamili.

Na wewe msomaji, mpenzi wako akikuambia fedha ya ofisi inalala bure, utamjibuje?