Gari Dogo Ndilo Linaloutaja Mwaka

Mwaka 1935 kampuni ya Pennsylvania Railroad ilianza kuendesha treni za umeme kati ya New York na Washington, na tangu hapo kichwa cha treni aina ya GG1 kikawa mwenyeji wa stesheni ya Union Station mjini Washington. Kilipakwa kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, na ubavuni kikachorwa mistari ya dhahabu. Kampuni hiyo ilipoungana na mshindani wake mwaka 1968 na kuwa Penn Central, vichwa hivyo vilikuwa bado kazini kwenye njia ileile. Sasa chukua mfano mdogo wa GG1, uweke kwenye meza yako ya reli, kisha mwulize mgeni: huu ni mwaka gani? Kichwa cha treni hakiwezi kumjibu. Jibu atalipata kwenye teksi iliyoegeshwa nje ya stesheni.

Sisi tunaojenga reli za mfano hapa Washington, Maryland na Virginia tuna desturi ya kuyafikiria magari mwishoni. Fedha zinakwenda kwenye treni, jioni zinaishia kwenye nyaya na swichi, halafu barabara zinajazwa magari yoyote yaliyopatikana. Naamini mpangilio huo unafaa kugeuzwa. Treni hudumu kazini miongo mingi, lakini gari hubadilika sura kila baada ya miaka michache, kwa hiyo ndilo linalobeba tarehe ya mandhari nzima. Anayekusanya magari bila kwanza kuchagua mwaka atabaki na kabati lililojaa na mji usioeleweka.

Skeli kabla ya bei

Skeli inayotumiwa na wengi zaidi Marekani ni HO, yaani 1:87. Sentimita 87 za dunia ya kweli zinakuwa sentimita moja mezani. Reli yenye upana wa milimita 1,435 inashuka hadi milimita 16.5, na mtu wa futi sita anakuwa na kimo cha milimita 21. Kwenye skeli ya N, ambayo ni 1:160, mtu huyohuyo anabaki na milimita 11 na ushee.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni magari ya madukani kama Hot Wheels na Matchbox, ambayo mengi hukaribia 1:64, na mengine hupunguzwa tu ili yatoshe kwenye pakiti. Chukua Ford Crown Victoria, gari lililotumiwa miaka mingi na polisi na madereva wa teksi, lenye urefu wa mita 5.4 hivi. Kwa 1:87 linapaswa kuwa na milimita 62; kwa 1:64 linafika 84. Ukiliweka hilo la milimita 84 kwenye barabara ya HO, umeegesha gari la mita saba na zaidi, na jicho litaliona hata kama mtazamaji hajui kilichomkera.

Mtego wa pili unatoka Uingereza. Huko treni za OO hupita kwenye reli ileile ya milimita 16.5, ila treni zenyewe na magari yake ni 1:76. Ndiyo maana baadhi ya maboksi huandikwa HO/OO, na gari lililomo ndani likawa kubwa kuliko linavyotakiwa kwa karibu sehemu moja ya saba. Kampuni za Ujerumani kama Wiking, Herpa, Busch na Brekina zimejijengea jina kwa 1:87. Oxford ya Uingereza hutengeneza magari ya Kimarekani kwa 1:87 na ya Kiingereza kwa 1:76, basi soma namba iliyo kwenye boksi kabla ya kutoa pesa.

Kuchagua mwaka wa Washington

Tuseme umechagua Januari 1962. Tarehe 28 ya mwezi huo ndipo tramu za Washington zilipokoma. Uamuzi huo mmoja unakupangia hata barabara. Katikati ya mji sheria ilikataza nyaya za umeme juu ya mitaa, kwa hiyo tramu zilivuta umeme kutoka chini ya ardhi kupitia mwanya mwembamba uliokaa kati ya reli mbili. Kila njia ya tramu ilikuwa na mistari mitatu ya chuma. Anayesimamisha nguzo na nyaya katikati ya mji huo amejenga mji mwingine, hata kama tramu yake ni sahihi kabisa.

Kisha yaje magari. Modeli za 1962 zilikuwa zimeshaanza kuuzwa tangu vuli ya 1961, kwa hiyo unaweza kuweka moja au mbili. Mengi yawe ya miaka ya 1950: Chevrolet ya 1955, Ford ya 1957, Volkswagen ya mgongo wa kobe. Weka na pikapu ya miaka ya 1940 iliyochoka, maana mtaa wa kweli haukosi mzee. Kosa la kawaida ni kuweka magari yote ya mwaka mmoja, yote yakimeta, kana kwamba wakazi wote walikwenda kuyachukua dukani asubuhi moja.

Ukitaka miaka ya karibu zaidi, alama zipo. Mwaka 1973 mamlaka ya usafiri, WMATA, ilichukua mabasi ya kampuni binafsi, na rangi zake zikabadilika. Reli ya mjini, Metro, ilifunguliwa tarehe 27 Machi 1976. Treni za VRE za Virginia zilianza 1992, na treni za kasi za Acela Desemba 2000. Baiskeli nyekundu za Capital Bikeshare zilianza kuonekana 2010. Kipengele kimoja tu kipya kuliko mwaka wako kinatosha kuvuruga mandhari yote.

Usisahau vibao vya namba. Kibao cha Marekani kina upana wa milimita 305 na kimo cha 152. Kwa HO kinakuwa milimita tatu na nusu kwa chini kidogo ya mbili. Tangu mwaka 2000 vibao vya D.C. vimebeba malalamiko ya wakazi wake kwamba wanalipa kodi ya taifa bila kuwa na mbunge mwenye kura katika Bunge la Marekani. Kwa ukubwa huo maneno hayasomeki, lakini mpangilio wa rangi unaonekana. Changanya na vibao vya Maryland na Virginia, kwa sababu kila siku ya kazi watu huvuka mipaka hiyo kwa wingi.

Kulifanya gari kuwa la mtaa wako

Mfano mzuri wa kuanzia ni gari dogo la mizigo, jeupe, unalotaka kuligeuza kuwa la fundi bomba. Magari ya plastiki ya HO kwa kawaida hayana skrubu. Bodi imenasa kwenye chasisi, na huachia ukibana kwa upole ubavuni kwa ukucha. Ya chuma ya 1:64 mara nyingi yameshikwa kwa ribiti ambazo lazima zitobolewe kwa drili. Ondoa vioo kabla ya rangi, kwa sababu tinna huifanya plastiki angavu iwe na ukungu usiotoka. Osha bodi kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta ya vidole, pitisha msasa laini, puliza praima ya kijivu, halafu rangi kwa tabaka nyembamba. Rangi nzito huziba mistari ya milango, na mistari ikipotea gari linakuwa kipande cha plastiki.

Usitumie rangi kali kama ilivyo kwenye gari la kweli. Ukiitazama meza ya HO kutoka sentimita 60, ni sawa na kuutazama mtaa kutoka mita 52, na kwa umbali huo hewa hupausha rangi. Ongeza tone la nyeupe au kijivu. Maliza kwa vanishi isiyong'aa, maana mng'ao wa kiwandani ndio unaofichua kuwa gari ni la kuchezea.

Jina la fundi huwekwa kwa stika ya maji: unailoweka, inateleza kutoka kwenye karatasi yake, unaikalisha kwa brashi. Printa za kawaida hazina wino mweupe, kwa hiyo herufi nyeusi juu ya gari jeupe ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Kisha dondosha wino mweusi ulioyeyushwa sana kwenye mistari ya milango, na upake unga wa chaki ya rangi ya udongo nyuma ya matairi. Kama mandhari yako ni ya Februari, pitisha weupe hafifu sehemu ya chini ya bodi. Barabara za huku humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na magari yote hubeba mstari huo. Mwisho mkate dereva kiunoni, umkalishe ndani. Gari lililo katikati ya barabara bila dereva linaua kazi yote iliyotangulia.

Anayetaka kujifunza kwa macho ana pa kwenda. Northern Virginia Model Railroaders wana mandhari ya HO ndani ya stesheni ya zamani mjini Vienna. Makumbusho ya Fairfax Station huonyesha treni za N, na yale ya tramu, National Capital Trolley Museum, yako Colesville, Maryland. Soko kubwa la treni za mfano hufanyika Timonium, kaskazini ya Baltimore.

Kanuni hii inafaa hata nyumbani Afrika Mashariki. Reli yetu yenye upana wa mita moja, kwa 1:87, hukaa kwenye njia ya milimita 12. Weka basi la Ikarus mbele ya stesheni ya Dar es Salaam, na hakuna Mtanzania aliyelipanda atakayeuliza ni enzi gani. Weka matatu yenye mstari wa njano, na Mkenya atajua uko baada ya 2004.

Makumbusho ya Historia ya Marekani pale Washington yamehifadhi kichwa cha treni ya mvuke namba 1401, na kinastahili heshima hiyo. Lakini gari la fundi bomba, la kupeleka maziwa, teksi ya usiku, hayo yalipondwa kuwa vyuma chakavu, ingawa ndiyo yaliyobeba maisha ya watu wa kawaida. Mjenzi wa reli za mfano ana uwezo wa kuyarudisha barabarani. Kwa hiyo andika mwaka wako kwenye karatasi, ubandike juu ya meza, halafu ndipo ukanunue gari la kwanza.