Mtoto aliyeruhusiwa kuuliza



Luka peke yake ndiye anayetusimulia habari za Yesu akiwa na miaka 12. Wazazi wake walimtafuta, na siku ya tatu wakamkuta hekaluni, ameketi katikati ya walimu. Tumezoea kuhubiri uchungu wa Maria na Yusufu. Leo niwatazame walimu wale. Mtoto anauliza, nao wanamwacha aulize. Anajibu, nao wanamsikiliza. Hakuna aliyemwambia, “Kaa chini, usitupotezee muda.”

Mimi nimewahi kumwambia mtoto hivyo. Nilikuwa na darasa la wanafunzi 87, mtihani umekaribia, binti mmoja akauliza kwa nini tukigawanya sehemu kwa sehemu tunaigeuza ile ya pili. Kusema kweli, sikujua. Nikamkalisha. Mwaka ule hakuuliza tena.

Yapo mahali walikojaribu njia nyingine, tena wakiwa maskini. Nchini Colombia, katikati ya miaka ya 1970, Vicky Colbert na wenzake walianza na shule za vijijini ambako mwalimu mmoja alibeba madarasa yote. Watoto walikaa kwa vikundi na miongozo yao, kila mmoja kwa mwendo wake. Aliyekosa shule kwa sababu ya mavuno hakurudishwa nyuma. Aliendelea pale alipoishia. Wazazi nao waliingizwa katika kazi ya shule. Mfumo huo, Escuela Nueva, yaani Shule Mpya, baadaye ukawa sera ya serikali.

Kwetu, tangu Januari 2016 mtoto anasoma bila ada hadi kidato cha nne. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini wengi wetu tumeikabidhi shule kwa serikali kama mzigo kwa kondakta. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, wanakuja kina mama wachache na mwenyekiti wa kitongoji. Maria na Yusufu walirudi Yerusalemu mwendo wa siku nzima.

Katika jumuiya zetu ndogondogo tunajua nani kafiwa na nani hajatoa zaka. Je, tunamjua mtoto wa darasa la nne asiyeweza kusoma?

Ukumbi wa parokia una viti na taa, na Jumatatu hadi Ijumaa una kufuli. Tuna seremala ambaye kwa futi kamba yake anaweza kueleza nusu na robo kuliko nilivyoweza mimi. Nimeshamwomba Paroko ufunguo. Jumanne saa kumi jioni nitakuwa pale.