Warefu Watatu wa Georgetown

Ndugu msomaji, na wewe kijana wa Munigi unayerusha mpira juu ya mawe ya volkano, sikiliza. Chuo kikuu cha Georgetown, Marekani, kilipata walinzi watatu wakubwa wa baskete. Ni nani aliyewapita wenzake? Kwa kombe, ni Patrick Ewing: bingwa mwaka 1984. Alonzo Mourning, mwaka wake wa kwanza tu, 1988-89, aliongoza nchi nzima kwa kuzuia mipira. Na Dikembe Mutombo wetu wa Kinshasa? Alifika 1987, akakaa mwaka mzima bila kucheza, anajifunza kwanza Kiingereza. Halafu 1989 akazuia mipira 12 katika mchezo mmoja! Mzazi, usimkatie tamaa mtoto aliyechelewa. Kwanza darasa, kikapu kitamngoja.