Alama 498 zinasema nini? Mtihani wa kuingia udaktari Marekani na suala la usomaji

Kwetu, Mtihani wa Taifa umetuzoeza tangu 1967 kubeba namba moja. Mtu akiulizwa hujibu «nilipata 62», na hiyo 62 humfuata hadi ofisi ya uandikishaji ya chuo kikuu, pengine hadi kwenye mazungumzo ya ndoa. Siku hizi kuna namba nyingine inayoingia katika simu za familia zetu. Katika miaka mingi tangu 2016, Wakongo wamekuwa kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wakimbizi wanaopokewa Marekani. Watoto waliofika huko wakiwa shuleni sasa wanamaliza chuo, na baadhi yao wanataka kuwa madaktari. Ndipo simu inalia Bukavu au Lubumbashi: «Yaya, nimepata 498. Nifanye nini?» Anayepigiwa ni mwanafunzi wa lugha. Hajui biokemia, naye anafikiri hana la kumwambia mdogo wake.

Mimi naona analo, tena la maana kuliko anavyodhani. Lakini kwanza tuujue mtihani wenyewe.

Unaitwa MCAT, na unaandaliwa na AAMC, shirika linalounganisha vyuo vya udaktari vya Marekani. Mtihani wa kwanza wa aina hii ulifanywa huko 1928, wakati vyuo hivyo vilipokuwa vinapoteza wanafunzi wengi njiani, vikaamua kuwachuja mlangoni. Umbo tunaloliona sasa ni la 2015. Mtahiniwa hukaa mbele ya kompyuta karibu saa saba na nusu, mapumziko yakiwamo, akijibu maswali 230 ya kuchagua jibu. Sehemu ni nne: kemia na fizikia, usomaji, biolojia na biokemia, saikolojia na sosholojia. Kila sehemu hupewa alama kati ya 118 na 132, na jumla huwa kati ya 472 na 528. (Kwa nini wasianzie sifuri? Swali hilo lisimsumbue mtu. Hicho ni kipimo tu, na katikati yake ni 500.) Wanaokubaliwa katika vyuo vinavyotoa shahada ya MD wana wastani unaozunguka 511 na 512. Kila mwaka waombaji hupita 50,000, na wanaoanza masomo ni takribani 23,000. Kwa hiyo 498 ni alama ndogo, na hakuna faida ya kumdanganya mdogo wetu kwamba si ndogo.

Ila hiyo 498 si namba moja. Tuseme kuna watahiniwa wawili walioipata. Wa kwanza ana 124, 124, 125, 125. Wa pili ana 128, 119, 126, 125. Jumla ni ileile, lakini hawa ni wagonjwa wawili wenye homa moja na maradhi tofauti. Wa kwanza yuko chini kidogo ya katikati, au katikati penyewe, katika kila sehemu: anahitaji kurudia misingi ya sayansi kwa muda mrefu, na huenda alifanya mtihani kabla ya kumaliza masomo yanayotakiwa. Wa pili anajua kemia vizuri. Kilichomwangusha ni ile 119 ya sehemu ya pili, ambayo haina kemia, wala biolojia, wala fomula yoyote. Ni sehemu ya kusoma. Akirudi kukariri biokemia miezi sita mingine, atakuwa ametibu mguu mzima na kuacha ule uliovunjika.

Basi swali la kwanza la yaya katika simu liwe: «Sehemu ya pili umepata ngapi?»

Sehemu hiyo, ambayo kwa Kiingereza hutajwa kwa kifupi CARS, ina vifungu tisa, kila kimoja maneno 500 hadi 600, na maswali 53 kwa dakika 90. Yaani dakika kumi kwa kifungu kimoja, maswali yake yakiwemo. Nusu ya vifungu hutoka katika falsafa, fasihi, sanaa, dini, muziki. Nusu nyingine katika historia, siasa, uchumi, anthropolojia na mfano wa hayo. Wanaoutunga wanasema wazi kwamba mtahiniwa hahitaji kujua chochote kutoka nje ya kifungu. Takribani asilimia 30 ya maswali huuliza kama umeelewa kilichoandikwa, asilimia 30 namna hoja ilivyojengwa ndani ya kifungu, na asilimia 40 huleta jambo jipya na kuuliza hoja ya mwandishi inakuwaje mbele yake.

Badala ya kueleza zaidi, nimetunga kifungu kidogo cha namna hiyo, kifupi kuliko vya kweli:

«Mkusanyaji wa nyimbo za vijijini huamini kwamba akishauandika wimbo ameuokoa. Kweli, ameokoa maneno. Lakini wimbo wa kulima ulikuwa na urefu wa shamba: uliisha shamba lilipoisha. Ukurasa unaupa wimbo mwisho ambao waimbaji wenyewe hawakuuweka. Hata hivyo, wanaouimba leo ni wajukuu waliousoma kitabuni.»

Swali: mwandishi anaionaje kazi ya mkusanyaji? (A) Inaharibu nyimbo, ingefaa iachwe. (B) Inaokoa nyimbo bila hasara. (C) Inaubadilisha wimbo, ingawa imesaidia uendelee kuimbwa. (D) Ingefaa ifanywe kwa kurekodi sauti kuliko kwa kuandika.

Jibu ni C. Linalofaa kuchunguzwa ni njia za kukosea. Anayechagua B amesimama kwenye sentensi ya pili. Anayechagua A amesoma vizuri hadi sentensi ya nne, kisha akalipita neno «hata hivyo» kana kwamba ni pambo. Na D? D ni jibu la msomi. Mtu aliyesoma fasihi simulizi anajua kwamba rekodi ya sauti huhifadhi mambo ambayo karatasi haiwezi. Ni kweli, lakini mwandishi hakulisema. Mtihani huu humwadhibu msomaji anayejibu kwa ujuzi wake mwenyewe wakati ameulizwa ujuzi wa mwingine. Nimewajaribu wenzangu wa promosheni yetu kwa kifungu hiki, na D haikukosa wateja!

Sasa swali la aina ya tatu: ikigunduliwa kwamba wajukuu hao walifundishwa wimbo na bibi zao, na kitabu hawajawahi kukiona, ni sehemu gani ya hoja inayodhoofika? Ni sentensi ya mwisho peke yake. Hoja ya ukurasa kuupa wimbo mwisho inabaki ilivyokuwa. Mtahiniwa anayeona kwamba «hoja yote imeanguka» hakupungukiwa na msamiati. Hakuona ni tofali lipi limebeba lipi.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anaposimama kwenye uwanja wake. Kazi hii ya kutenganisha dai na sababu, ya kusikia mwandishi anapokubali jambo ili alipinge, ya kutofautisha anachosema na anachonukuu, ndiyo tunayofanya katika semina za uchambuzi wa matini na za tafsiri. Mdogo wetu huko Marekani pengine hajawahi kuifanya, maana aliyechagua sayansi huweza kupita miaka mingi akisoma vitabu ambavyo kila sentensi yake ni ya kweli na ya kukaririwa. Kitabu cha biokemia hakina kejeli. Hakisemi jambo katika aya ya kwanza ili kulikana katika ya tatu.

Kwa kijana aliyekulia Kiswahili nyumbani, akasoma Kifaransa miaka michache kabla ya kuhama, kisha Kiingereza, kuna ugumu mwingine. Anasoma Kiingereza bila shida, anazungumza kama wenzake, kwa hiyo hakuna anayeshuku kwamba lugha ndiyo tatizo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Lakini kusoma bila shida si kusoma kwa dakika kumi kifungu cha mwanafalsafa na kushika mwelekeo wake. Viunganishi vidogo ndivyo huanguka kwanza anapoharakisha, na kwenye viunganishi ndiko hoja inakogeukia.

Ningemshauri afanye hivi. Kila siku asome makala moja ya hoja kwa Kiingereza, ya fani asiyoipenda, aifunge, kisha aeleze kwa Kiswahili, kwa sauti, sentensi tatu: mwandishi anadai nini, anampinga nani, anakubali nini. Anaweza kumtumia yaya sauti hiyo kwa simu. Asiyeweza kulisema jambo katika lugha ya nyumbani bado hajalielewa, hata kama anayakumbuka maneno yake. Wiki za mwanzo asitazame saa. Baadaye aliache zoezi la Kiswahili, kwa sababu siku ya mtihani hakuna nafasi ya kutafsiri, aanze kuhesabu dakika kwa vifungu vya mazoezi ambavyo AAMC yenyewe hutoa. Na kwa kila jibu alilokosa aandike ni neno gani katika kifungu lililokataza chaguo lake. Kuandika tu «jibu sahihi ni C» ni kupoteza wino. Maendeleo huja polepole katika sehemu hii; orodha za msamiati, ambazo wengi huzikimbilia, sioni kama zinafika mbali.

Je, arudie mtihani? Sheria inamruhusu mara tatu katika mwaka mmoja wa mitihani, mara nne katika miaka miwili inayofuatana, na mara saba maishani. Mtu asiyefika siku yake bila kufuta miadi amehesabiwa mara moja. Anayemaliza mtihani na kuomba usisahihishwe, naye amehesabiwa. Na alama mpya hazifuti za zamani: vyuo huziona zote. Vingine hutazama za mwisho, vingine za juu zaidi, vingine wastani. Kwa hiyo kurudia baada ya wiki sita kwa hasira ni kujitafutia 498 ya pili, ambayo inasema jambo baya zaidi kuliko ya kwanza. AAMC yenyewe hukubali kwamba jumla ina ukingo wa alama mbili juu na mbili chini. Aliyetoka 498 akafika 499 hajasogea. Arudie pale tu mazoezi kamili, yaliyofanywa kwa saa ileile na bila kusimama ovyo, yamempa alama za juu mara kadhaa mfululizo.

Alama za shahada ya kwanza pia huhesabiwa, na somo lililorudiwa haliondoi alama ya mwanzo katika hesabu ya fomu ya maombi. Ikiwa huko nako kuna udhaifu, kuna programu za mwaka mmoja au miwili baada ya shahada kwa ajili ya kuonyesha nguvu mpya katika sayansi. Kuna pia vyuo vya osteopathia, vinavyotoa shahada ya DO. Wahitimu wake ni madaktari kamili kisheria, wanaandika dawa na kupasua kama wenzao wa MD, na wastani wa MCAT wa wanaoingia huko uko chini kwa alama kadhaa. Familia nyingi hulikataa jina hilo kwa sababu hawajalisikia. Hilo ni kosa la bei ghali.

Kisha kuna karatasi ambayo haina alama kabisa. Fomu ya pamoja ya maombi inataka insha binafsi isiyozidi herufi 5,300, nafasi zikihesabiwa, na inaruhusu kuorodhesha shughuli 15, tatu kati yake zikielezwa kwa kirefu. Hapa Kiswahili kina thamani. Sheria ya haki za raia ya 1964 ndiyo msingi wa wajibu wa hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kuwapa wagonjwa mkalimani, na wagonjwa wa Kiswahili sasa wapo katika miji mingi. Kijana aliyejifunza ukalimani wa kitabibu rasmi, si yule aliyemtafsiria mama yake tu kwenye kliniki, ameketi kati ya daktari na mgonjwa kwa saa nyingi na amesikia mahali maana inapopotea. Aandike hayo kwa mifano. Asiandike kwamba anapenda kuwasaidia watu. Kila mwombaji amekwisha kuandika hivyo.

Wanaodhani lugha na udaktari ni nchi mbili watazame chuo cha udaktari cha Mount Sinai, New York. Mwaka 1987 kilianzisha njia ya kuwapokea wanafunzi wa fasihi na sayansi za jamii bila MCAT. Tathmini iliyochapishwa 2010 ilionyesha kwamba walielekea kupata alama za chini kidogo katika mtihani wa kwanza wa leseni, lakini kwa jumla ya masomo hawakuachwa na wenzao.

Linabaki suala la kalenda. Mtihani hufanyika kati ya Januari na Septemba, na majibu hutoka baada ya mwezi mmoja hivi. Maombi huanza kupokelewa mwishoni mwa Mei au Juni, na vyuo vingi huyasoma kadiri yanavyofika, kwa ajili ya masomo yanayoanza mwaka unaofuata. Aliyepata 498 mwezi Juni, akarudia Septemba, atakuwa na alama mpya katikati ya Oktoba, wakati viti vingine vimeshaanza kutolewa. Mara nyingi ni nafuu kuuacha msimu huo upite, kufanya kazi mwaka mmoja, na kufanya mtihani Januari au Machi. Wazazi watauliza kwa nini amekaa mwaka mzima. Hiyo simu nyingine, na yaya ndiye atakayeipiga.