Je, Wajua? Tapiri Aliyevaa Sufu

Je, wajua kuwa kifaru ana jamaa anayeishi kwenye baridi kali ya milima ya Andes? Ni tapiri wa milimani, mkazi wa Kolombia, Ekuado na kaskazini mwa Peru, ambaye hupanda hadi mita 4,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Ni mdogo kwa tapiri wenzake, ingawa uzito wake hufika kilo 150 au hata kupita. Manyoya yake ni mazito kama sufu, na midomo yake ina ukingo mweupe, utadhani ametoka kunywa maziwa. Pua na mdomo wa juu vimeungana vikawa mkonga mfupi, anaoupinda huku na huku kuvuta majani. Miguu ya mbele ina vidole vinne. Ya nyuma, vitatu.

Hutembea peke yake, hasa alfajiri na magharibi, na huita kwa mluzi mwembamba. Jike hubeba mimba miezi 13 hivi, akazaa mtoto mmoja mwenye mistari na madoa meupe. Mbegu anazokula huzisambaza kwa kinyesi chake, msitu ukaota upya. Inasikitisha kwamba uwindaji na ukataji wa misitu hiyo vimemweka katika hatari ya kutoweka kabisa.